Pigo Lisilo na Mkono

Lizandro aliingia bila kubisha hodi, na hilo peke yake lilimshtua Nube. Miaka sita wamefanya kazi pamoja, yeye akipiga video za harusi na misiba ya kijiji cha Pucahuaico, Nube akizihariri katika chumba hiki cha nyuma ya duka la shangazi yake, na miaka yote hiyo Lizandro alikuwa mtu wa kugonga mara mbili, kuvua kofia, ndipo aingie. Leo kofia ilikuwa bado kichwani, imelowa ukungu, na macho yalimwaka kama ya mgonjwa wa homa.

"Umeona?" akauliza. "Niambie umeona."

"Nimeona nini?"

"Video, Nube! Watu wetu wa New York wanaiandikia tangu Jumapili. Mama amesema! Mbele ya ukoo mzima, kwa kinywa chake mwenyewe!"

Video hiyohiyo ilikuwa mbele ya Nube kwenye kompyuta, imesimama tangu asubuhi, na chai yake nyekundu ya majani ilikuwa imepoa pembeni hajainywa.

Msomaji ajue mambo yalivyokuwa. Abel Guallpa, kaka yake Lizandro, alirudi nyumbani ndani ya sanduku baada ya miaka sita ya kujenga maghorofa ya watu New York. Jukwaa la ujenzi lilimwangusha. Wakamzika, na siku ya tano, Ijumaa, wakashuka mtoni kufua nguo zake zote, maana ndivyo inavyofanywa huku milimani: marehemu hufuliwa hadi soksi ya mwisho, aondoke msafi, asije akarudi kutafuta kitu. Lizandro alipiga video kutoka ng'ambo ya mto. Nube akaihariri Jumamosi na kuipandisha mtandaoni, ili waliokuwa mbali nao walie na wenzao.

Na Nube alikuwa nani kwa Abel? Alikuwa mchumba wake. Mama Targelia, mama wa wale ndugu wawili, alipeleka kwao sahani za simbilisi wa kuchoma na viazi, wazazi wakala, neno likafungwa. Kisha Abel akasafiri, akabaki sauti ya simu. Mwaka wa kwanza alipiga kila siku. Mwaka wa tatu alipiga siku za sikukuu. Na mtu aliyekuwapo, aliyemletea Nube mkate wa moto asubuhi za baridi, aliyemshikia taa umeme ulipokatika, alikuwa Lizandro. Hawakufanya lolote la aibu, Mungu ni shahidi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hawa wawili waliyabana kifuani mpaka mbavu zikawauma.

"Dakika ya nne," Lizandro aliendelea, akisogea mpaka Nube akasikia harufu ya mvua kwenye poncho lake, lile joho zito la milimani. "Mama kapiga magoti kwenye jiwe. Anainua uso, anasema, 'Msimvishe nyeusi. Lizandro yupo.' Nimeirudia mara ishirini, na anayesemwa ni wewe. Nube, najua maziko bado mabichi, najua watu watasema. Lakini kama mama mwenyewe ametoa ruhusa, basi leo nakwambia ambalo sijawahi kukwambia."

"Ngoja kwanza, Lizandro."

"Nimengoja miaka sita! Nikakuandikia kadi za kaka yangu kwa mkono wangu, yeye akiniagiza kwa simu, kwa sababu mwandiko ulimshinda. Yale maneno uliyoyaweka kwenye sanduku lako, unadhani nani aliyatunga?"

Nube alikuwa akijua. Tangu kadi ya pili alikuwa akijua, na ndiyo maana alizitunza. Alitamani kusimama, amvue mwanaume huyu kofia yake iliyolowa, aweke shavu kwenye kifua chake, yaishe. Badala yake alishika ukingo wa meza.

"Mama yako hakusema hayo," akasema.

"Nini?"

"Tazama kinywa chake. Usisikilize, tazama tu."

Akaibonyeza video. Kwenye skrini mto ulipita mweupe katikati ya mawe. Watu watano walikuwa wamepiga magoti ukingoni: Mama Targelia, wifi yake Shangazi Melva, wajomba wawili, na Nube mwenyewe mwisho kabisa. Walipiga nguo mbichi kwenye mawe kwa zamu, taratibu, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mikono na sauti vilikwenda sawa. Kisha Mama Targelia akafungua kinywa na ile sauti ikatoka, nzito, ya kukwaruza, nusu imezama ndani ya mto: *Msimvishe nyeusi. Lizandro yupo.*

"Umeona midomo?" Nube aliuliza. "Mtu akisema 'msimvishe' midomo hufunga. Yake ilianza imeachama. Anasema kitu kingine. Sauti imechelewa, Lizandro. Video nzima sauti iko nyuma ya picha, kama sekunde mbili hivi."

"Mbona mapigo yanalingana?"

"Kwa sababu pigo moja na lingine yanapishana sekunde hizohizo mbili! Ukikosea kwa pigo moja, mikono yote inaonekana sahihi. Vinywa ndivyo vinavyokosea." Nube akajifuta macho. "Sauti na picha unazinasa kwa vyombo viwili, na siku zote unanipigia kofi mbele ya kamera, napata alama ya kuzilinganisha. Ijumaa hukupiga."

"Nani anapiga makofi kwenye msiba?"

"Sikulaumu. Nilichukua pigo la kwanza ninalolisikia, nikalifunga na pigo la kwanza ninaloliona. Ilitakiwa nikague vinywa. Sikukagua. Nisingeweza kutazama uso wangu mwenyewe pale, Lizandro. Nilikuwa nalia kwa ajili ya kaka yako, na nilikuwa nakutazama wewe ng'ambo."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye dirisha, duka la mkate lililo mkabala halikuonekana tena.

"Basi aliyesema ni nani?" Lizandro akauliza polepole.

"Sijui bado. Shangazi yako, au mjomba mmoja. Nikiisawazisha nitajua."

"Usiisawazishe."

"Lizandro!"

"Nisikilize. Watu wote wameshaamini. Binamu zangu wameandika hongera. Ukirekebisha, mama anabaki na yale yake ya zamani: mwaka mzima wa nyeusi, uhamie kwake, uitwe mjane wa mtu ambaye hukulala naye hata usiku mmoja. Na mimi ninywe chai ukumbini nikikuita shemeji mpaka nizeeke! Iache hivyo, Nube. Kosa limetupa tulichonyimwa."

"Nitakaaje na mama yako meza moja, nikijua nimemtilia maneno kinywani? Wiki moja tu tangu amzike mwanawe, mimi namwibia ulimi?"

"Basi hunipendi."

"Nisipokupenda wewe ningependa nani, mpumbavu we!" Ilimtoka kwa sauti kubwa. "Nakupenda, ndiyo maana sitaki uje kwangu kwa wizi!"

Mlango wa duka ukalia kengele. Wote wawili wakageuka. Aliyesimama kwenye pazia la mlangoni alikuwa Mama Targelia, kofia nyeusi, sketi nyeusi, na mkononi shali nyeusi iliyokunjwa vizuri. Alikuwa amesikia kiasi gani, Mungu anajua.

"Kwa hiyo huku ndiko ulikokimbilia," akamwambia mwanawe. Kisha akamgeukia Nube. "Binti, mimi sikusoma. Lakini Melva kanionyesha simu yake. Nimejiona nikisema maneno ambayo sijawahi kuyasema tangu nizaliwe. Nani kakupa ruhusa ya kunisemesha?"

"Mama Targelia, nisamehe. Ni kosa langu la kazi, si hila."

"Si hila! Na kosa lenyewe likaangukia pale pale unapopataka wewe! Nimepigiwa simu na watu kumi na moja wananipa pongezi. Pongezi, na kaburi la mwanangu halijaota hata jani!"

"Mama, usimseme hivyo," Lizandro akaingilia.

"Wewe nyamaza. Nguo za ndugu yako hazijakauka kambani, umeshamvizia mchumba wake." Akaiweka shali mezani, mbele ya kompyuta. "Kwenu mlikula simbilisi wangu, binti. Neno halitapikwi. Utaniondolea maneno yale, watu waone ukweli. Kisha utavaa hii, twende nyumbani."

Nube aliitazama ile shali. Sufu nzuri, imefumwa kwa mkono, na bila shaka Mama Targelia aliifuma mwenyewe usiku wa kuamkia maziko. Akamtazama Lizandro, na Lizandro akatikisa kichwa kwa siri: usifanye. Ndani ya macho yale kulikuwa na miaka sita yote na mikate yote ya moto.

"Kaa hapa karibu yangu, Mama," Nube akasema. "Nitairekebisha ukiona."

Hakutumia mapigo safari hii. Alipeleka video mpaka mwishoni kabisa, pale Shangazi Melva alipoangusha bakuli la bati la sabuni juu ya jiwe. Bakuli lilianguka mara moja tu, na mlio wake ulikuwa wa namna moja tu. Akavuta mstari wa sauti, ule wenye michirizi midogo kama meno ya kitana, akaurudisha nyuma mpaka mlio wa bati ukakaa juu ya bati.

Kisha akafanya alichokikimbia Jumamosi: akatafuta uso wake mwenyewe. Yeye alijua alichosema pale mtoni, wala hakuhitaji kumwuliza mtu. Kwenye picha midomo yake ikatamka, "Nenda salama, Abel," na sauti yake ikasema, "Nenda salama, Abel," papo hapo, bila kuachana hata unywele.

"Hii sasa ni kweli," akasema. "Turudi mwanzo."

Watu watano wakapiga magoti kwenye mawe. Hakuna aliyekuwa ameinua mkono bado. Mjomba mmoja alikuwa akikunja mikono ya shati, Melva akifungua sabuni, Mama Targelia akilitoa kapuni koti la Abel.

*Pwaa!*

Nguo mbichi ilipiga jiwe.

"Nani huyo?" Mama Targelia akauliza.

Nube akarudisha. Watu watano, mikono kumi. Yote ilikuwa kavu. *Pwaa!* Kisha, sekunde mbili baadaye, ndipo Mama Targelia akainua koti na kulipiga, na sauti yake ikaja na mkono wake, kisha Melva, kisha wajomba, kila mmoja na pigo lake.

"Hilo ndilo pigo nililolishika," Nube akanong'ona. "Lile la kwanza. Ndiyo maana nilikosea. Nilidhani ni lako."

"Labda kuna mtu alikuwa anafua juu ya mto," Lizandro akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Ule mto unarudisha mwangwi."

"Kinasa sauti ulikiweka wapi?"

"Kapuni, kwenye nguo za Abel. Mto ulikuwa unapiga kelele, nikaona kikae karibu na mama."

"Mtu wa juu ya mto angesikika mbali. Hili limepigwa karibu na kapu." Nube akamgeukia Lizandro. "Uliona mtu yeyote pale?"

"Njia ya kushuka ni moja. Niliiona yote kwenye kamera. Hapakuwa na mtu."

Mkono wa Mama Targelia ulikuwa umeanza kutafuta rozari kwenye mfuko wa sketi.

Video ikaendelea. Hakuna aliyeisimamisha. Dakika ya nne ikafika, na Nube akasogea mbele, akavitazama vinywa vyote vitano kimoja kimoja, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Melva kafunga mdomo. Wajomba wamefunga. Nube wa kwenye picha kainamisha kichwa, meno yameuma mdomo. Mama Targelia kafunga, amelishika koti la mwanawe ndani ya maji.

*Msimvishe nyeusi. Lizandro yupo.*

Hakuna mdomo uliotikisika.

"Ee Bikira wa Wingu!" Lizandro akashika ukuta.

"Rudisha," Mama Targelia akasema.

Nube akarudisha. Akaipunguza kelele ya mto kidogo, kama alivyozoea kufanya kwa hotuba za harusi. Sauti ikatoka wazi zaidi, na kwenye kila "s" kulikuwa na kamluzi kembamba, kama upepo unaopita kwenye ufa wa mlango. Walichodhani wote kuwa ni mto, hakikuwa mto.

Mama Targelia akaweka vidole kwenye meno yake mwenyewe.

"Mahindi ya kukaanga," akasema. "Alikuwa na miaka tisa. Nilimwambia asitafune yale magumu. Jino likapasuka hapa, mbele. Tangu siku ile kila neno lake likawa na filimbi. Wenzake walimcheka." Akamgeukia Nube, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake hayakuwa na ugomvi. "Unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Mama. Hata kwenye simu ilisikika."

"Simu yake tulimzika nayo."

"Ndiyo."

"Na nyinyi hamkunichezea? Niapie. Niapie kwa mama yako."

"Naapa kwa mama yangu. Mimi nilidhani ni wewe. Ulikuwa umepotewa na sauti kwa kulia, nikadhani ni wewe."

"Acha iendelee," mama akasema. "Kuna nini mbele?"

Nube alikuwa amesahau kwamba kuna mbele. Kwenye video ile ya makosa, baada ya maneno yale, ilisikika sauti ya mwanamke akimwitika mtu huku kinywa cha Shangazi Melva kikitembea, na binamu mmoja aliandika kwa utani: Shangazi Melva anamwitikia nani huko porini? Watu wakacheka. Nube naye hakulifikiria tena.

Akabonyeza.

Ile sauti ikasema maneno yake, ikanyamaza. Na hapo, kwenye picha, Mama Targelia aliyepiga magoti mtoni akafungua kinywa. Hakuinua macho. Aliendelea kulisuuza koti, kama mwanamke anayezungumza na mtoto aliye nyuma yake jikoni. Midomo na sauti vikaenda pamoja, bila kupishana hata kidogo:

*Haya, baba. Nimesikia.*

Chumba kikawa baridi, au labda ni ukungu uliopenya dirishani. Mama Targelia alisogeza uso mpaka karibu kuigusa skrini, akajitazama.

"Mimi huyo?"

"Ni wewe, Mama," Lizandro akasema.

"Sikumbuki. Nakumbuka maji yalivyokuwa baridi. Nakumbuka kifungo cha koti kilikuwa kinaning'inia, nikasema nitakishona. Hili silikumbuki." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Nilimjibu. Mwanangu alisema nami, nikamwitikia, halafu nikaja hapa na shali."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Baada ya muda akamtazama Lizandro toka juu hadi chini, kama anayemwona baada ya safari.

"Vua kofia," akamwambia. "Kaka yako alikuwa anaongea."

Lizandro akaivua, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

Mama Targelia akaichukua ile shali mezani, akaikunjua. Nube akainamisha kichwa. Alikuwa amefanya alichotakiwa kufanya, ukweli umekaa mahali pake, na kama bei yake ni sufu ile nyeusi mabegani, basi. Akafumba macho akingoja uzito wake. Uzito haukuja. Alipofumbua aliona mama ameitandaza shali juu ya kompyuta, akiivuta pembe zake zishuke vizuri, kama vinavyofunikwa vioo kwenye nyumba ya msiba.

"Ile ya zamani itoe," mama akasema. "Weka hii ya kweli. Wakiuliza maswali, waambie waniulize mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na ninyi mtangoja mwaka wa Abel uishe. Mwaka mzima, sitaki minong'ono. Kisha nitaleta simbilisi kwenu upya, maana wale wa kwanza walikuwa wa mwingine."

Nube aliuhisi mkono wa Lizandro ukishika wake kwa nyuma, baridi kama maji ya mto, na safari hii hakuuondoa. Mama Targelia aliuona. Alifika kwenye pazia, akasimama, akageuka, na Nube, kwa mazoea ya kazi, akakitazama kinywa chake.

"Msimvishe nyeusi," mama akasema. "Lizandro yupo."

Midomo ilifunga palipotakiwa kufunga, na sauti ilikuwa yake.